Mama wa Watoto Wanne

Dada yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 3 Machi 1948, mtoto wa tano wa seremala na mshona nguo. Alibatizwa akiwa na wiki sita, maana wazazi wake hawakuwa watu wa kusubiri. Kwa kuwa aliimba kabla hajajua kusema vizuri, baba alimwita Kinanda, na jina hilo likamganda hadi uzeeni.

Alimaliza shule ya misheni mwaka 1962, huku akiongoza sauti ya pili katika kwaya. Enzi hizo kwaya haikuwa na spika. Mwenye sauti ndogo alifundishwa kuimba, hakuongezewa umeme.

Tarehe 10 Desemba 1966 alifunga ndoa na dereva wa lori, mtu wa maneno machache na vicheko vingi. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alizaliwa Oktoba mwaka uliofuata, akafa kabla ya kubatizwa. Kwa utaratibu wa wakati ule, mtoto wa namna hiyo hakupigiwa kengele wala kuimbiwa. Baba yake alimzika peke yake, nje ya ua wa makaburi. Mzee wa kanisa aliyesimamia jambo hilo alitufundisha mengi mema, na watu wa aina yake hawapatikani tena. Lakini katika hili alikosea, na inafaa lisemwe mbele ya kaburi. Kinanda, akiwa bado kitandani, alimwuliza, "Basi mwanangu nitamwona tena?"

"Binti yangu, hayo tumwachie Mungu," mzee akasema, akachukua kofia yake akaondoka.

Swali hilo dada alibaki nalo.

Mwaka 1970 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akakaa huko hadi alipostaafu mwaka 2003. Mtoto mchanga alipofariki wodini, Kinanda alichagua kipande cha shuka kilicho safi kuliko vyote, akakipiga pasi, akakipeleka mbio kabla hakijapoa. Muuguzi mmoja alimwambia, "Dada, unajisumbua bure. Huyu hasikii baridi."

"Mama yake anasikia."

Kisha aliimba ubeti mmoja, kwa sauti ya chini. Kama mtoto alibatizwa au la, hakuuliza. Mkuu wa wodi alimkanya, "Hapa si kanisani, Kinanda."

"Najua, bosi. Kanisani walikataa."

Alijaliwa watoto wengine watatu, lakini aliyemwuliza idadi aliambiwa wanne. Jirani mgeni aliwahi kumtania, "Wa nne umemficha wapi, mama?" Akajibu, "Sikumficha. Katangulia." Jirani hakutania tena.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Wengi walituma pole kwa simu; siku hizi kidole gumba ndicho kinachotembelea wagonjwa. Mchungaji wetu kijana alikuja mwenyewe, akavuta kiti, akakaa. Kinanda akamwuliza swali lake.

"Mama, pumzika," binti yake akaingilia.

"Nitapumzika sana tu. Ngoja nijibiwe kwanza."

"Mama, siwezi kukuonyesha kwa macho," mchungaji alisema. "Lakini Bwana aliwakumbatia watoto, na sijasoma mahali alipouliza kwanza kama wamebatizwa. Mimi naamini utamkuta. Uliwahi kumpa jina?"

"Nilimpa."

"Basi litaje, tumzike."

Akalitaja, jina ambalo hata mumewe hakuwahi kulisikia. Hatukuliandika hapa, ni lao wawili. Palepale kando ya kitanda mchungaji akasoma ibada ya maziko yote, bila kuruka neno. Wimbo ulipofika, Kinanda aliimba sauti ya pili kwa pumzi iliyobaki, na pumzi ilipokatika, binti yake akaimalizia.

Alifariki Jumanne asubuhi, tarehe 14 Mei 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti huyo. Hakuwa na hofu. Sisi tuliobaki ndio tuliolia, na bado tunalia.

Mumewe alimtangulia mwaka 2011. Kinanda ameacha watoto watatu, wajukuu tisa, kitukuu mmoja, na kaka mmoja mzee, ambaye sasa hana wa kukumbuka naye nyumba ya seremala. Mzaliwa wake wa kwanza hayumo katika hesabu ya walioachwa. Bwana ampumzishe mama huyu kwa amani, karibu na mwanawe, hadi siku ile atakapotuamsha sote.