Mwalimu Brigita na Watoto Tisa wa Ilagala

Mwalimu Brigita Telesphory alizaliwa Ilagala tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa pili wa Mzee Telesphory na Mama Veneranda.

Alianza shule ya msingi hapo hapo mwaka 1977. Nyumbani kilikuwa Kiha kitupu, na mwaka mzima aliimba kurasa alizokariri bila kujua kusoma, huku akipewa vema. Alimaliza kidato cha nne 1987, akapata cheti cha ualimu 1990.

Alifundisha Ujiji miaka ishirini na mitano. Kuanzia 2015 kazi yake ikawa kuwafundisha walimu wenzake jinsi ya kuwainua watoto waliochelewa kusoma. Hakuwa mtu wa semina na soda. Alikaa darasani, akatazama. Siku moja Mwalimu Pastory, mmoja wa walimu hao, alimwonyesha mtoto aliyesoma ukurasa mzima bila kukwama. Brigita akasema, "Mwanangu, anzia mstari wa mwisho." Mtoto akaanza tena mstari wa kwanza.

"Mama, umemtisha," Pastory akalalamika.

"Sijamtisha. Wewe ungenunua gunia la dagaa bila kulifungua?"

Tarehe 18 Juni 1994 alifunga ndoa na Bwana Alphonce, fundi wa injini za boti kule Katonga. Walijaliwa Diana na Meshack.

Kisukari kilimpata 2019, kikafika kwenye figo. Julai mwaka huu alificha miguu iliyovimba ili asikose kwenda Ilagala, ambako watoto tisa wa darasa la pili walihitaji nusu saa ya kufundishwa kusoma kila siku kwa wiki kumi na mbili. Wiki ya tano akalazwa. Mwalimu wao, Leonia, alipokuja kumwona, hakuulizwa habari za safari.

"Wale tisa wamekaa wapi?"

"Bado mbele, mama. Sijawarudisha nyuma."

"Na wewe, nani anakutazama ukifundisha?"

Swali hilo, nani anamtazama Leonia, Brigita alilirudia kila siku, hata kwa wauguzi. Alifariki Jumatano, 3 Septemba 2025, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, na mdogo wake Japhet wa Kibirizi, anayesoma wasifu huu. Ameacha pia wale tisa. Wawili sasa wanajua kusoma. Saba bado, na upimaji ni Novemba. Tusidanganyane: Jumatatu Leonia anaingia darasani peke yake. Walimu mliopo hapa, atakayeweza kukaa naye darasani na kumtazama amwambie leo, kabla hatujatawanyika.

Mungu ampe Brigita amani, maana wiki zile za mwisho hakuwa nayo.