Maji ya Kwanza

Mama mwenyekiti, kabla hatujafungua sanduku la kikundi naomba nisimame. Wakubwa zangu, shikamooni. Nitaongea hivi hivi nilivyo, mtanivumilia.

Mnajua binti yangu alifariki akijifungua, akaniachia mjukuu. Tangu tumzike, usingizi ulinikimbia. Nilikuwa najilaza tu, nasikiliza mtoto anavyopumua. Mchana naokota korosho macho yanaingia giza, nikiulizwa nasema sijambo. Uongo mtupu. Na nyinyi mliacha kuniita Mama Zuhura, mkiogopa kunichoma.

Ndugu yangu wa Tandahimba akaniletea mizizi ya usingizi. Akanieleza vizuri kabisa: chemsha, maji ya kwanza mwaga, chemsha tena, ndiyo unywe kidogo. Sasa ndugu zangu, nawauliza, nani hapa Kitangari anamwaga maji? Tunayapandisha kutoka bondeni kichwani, hata tuliyonawia tunamwagilia mchicha. Nikaona ni deko za watu wa mjini. Asubuhi moja nikanywa yale ya kwanza, kikombe kizima, mtoto, wakati huo keshajua kutembea, akicheza uani.

Nililala kama gogo. Jirani yangu, yupo hapa, hataki nimtaje, akamkuta mtoto ameinama kwenye kisima cha maji ya mvua, mfuniko uko pembeni. Akamnyakua, akaja kunigombeza. Akakuta siamki. Alinimwagia ndoo nzima, akiba yake ya siku ile, akiita, "Mama Zuhura! Mama Zuhura!"

Nilipata fahamu zahanati. Daktari akauliza, "Mama, nini kinakunyima usingizi?" Jirani akanijibia: "Huyu hajalia. Tangu msibani hajalia." Hapo nikalia, jamani. Nililia mpaka nikaona haya.

Usingizi haujarudi wote, sitawadanganya. Lakini mlikuja kwa zamu mkalala kwangu, mkaniacha nimtaje binti yangu, na jina langu mkanirudishia. Asanteni sana. Dawa za miti sizitukani, zimetulea. Ila ukipewa masharti yafuate, na kabla ya kutafuta mizizi, mwambie mtu kinachokukosesha usingizi.

Mimi bado nalipa. Nikifumba macho mchana, hata kupumzika tu, mjukuu wangu anaacha mchezo, anakuja kunifunua kope kwa vidole. Namwambia bibi yupo. Haniamini.