Fundi Saa na Mkono wa Kinyozi

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Fundi Saa, alizaliwa tarehe 12 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mshona viatu. Alisoma hadi darasa la nane, kisha mjomba wake akamfundisha kutengeneza saa. Tangu 1968 alifanya kazi hiyo katika kibanda kilekile, ubavuni mwa Kinyozi, rafiki yake wa kufa na kuzikana.

Kinyozi ndiye aliyemwambukiza mapenzi ya redio ya kupashana ujumbe. Wateja wakipungua, alimfundisha msimbo wa Morse, wa kutuma herufi kwa milio mifupi na mirefu, kwa kugonga kitana mezani. "Usihesabu nukta na mistari, bwana. Sikiliza wimbo wake." Marehemu alipata leseni ya redio mwaka 1979, na tangu hapo hakuwa na starehe nyingine.

Mwaka 1980 alimwoa mshonaji, wakajaliwa mabinti wawili. Wakati wa kula aligonga kijiko hadi mkewe akasema, "Baba watoto, kama unataka chumvi, sema." Binti mkubwa alizishika herufi hizo hapohapo mezani, bila kufundishwa.

Kinyozi alifariki mwaka 2009. Enzi za uhai wake, kila Jumamosi alasiri alikuwa na miadi hewani na mwalimu mstaafu wa nchi ya mbali, mtu asiyeona. Marehemu aliwasha redio ya Kinyozi ili ampe Mwalimu taarifa ya kifo, lakini Mwalimu akamtangulia kusema: ndiyo kwanza ametoka kumzika mkewe. Marehemu akakosa ujasiri, akajibu kana kwamba yeye ndiye Kinyozi. Alijiambia ni kwa siku hiyo tu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini yake ilikwenda miaka kumi na mitano. Kila mgongaji ana mkono wake, yaani namna yake ya kugonga, unaotambulika hata kabla hajataja jina, na marehemu alijikaza kuuiga wa mwenzake. Mazungumzo yale aliyapenda mno, na kila mara alizima redio akiwa hana raha.

Januari 2025 kiharusi kilimpoozesha mkono wa kulia, ule wa kugongea. Jumamosi moja alimwita binti mkubwa, akamsimulia habari ya Mwalimu. "Mwanangu, nimemnyima mtu msiba wake. Nisaidie kumwambia leo."

"Pumzika kwanza, Baba. Utapona, utamwambia mwenyewe."

Alifariki Alhamisi, tarehe 13 Februari.

Jana Jumamosi, binti huyo, ambaye ndiye anayewasomea haya, aliketi redioni akaeleza yote, herufi moja moja. Mwalimu akagonga: "Nilijua tangu siku ya kwanza. Mkono wa Kinyozi ulikuwa mwepesi. Nilinyamaza nisije nikampoteza na huyu. Laiti tungemlilia Kinyozi pamoja."

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, na Mwalimu.

Baba, bintiyo alikuambia upumzike badala ya kukusaidia siku ile, na hilo atakwenda nalo kaburini. Ujumbe wako umefika. Sasa pumzika kwa amani.