Kofia ya Joris Toé

Baba Paroko, wazee wa ukoo wa Toé, wazazi wangu wa ukoo wa Ki, shemeji yangu Pieter uliyetoka mbali, majirani na wafiwa wenzangu, naombeni mnivumilie, karatasi hii ilipaswa kusomwa na mzee wa upande wa marehemu, lakini jana wazee hawakuelewana upande wake ni upi, kwa hiyo nasoma mimi, Eulalie, mke wake, na mtoto nimembeba mgongoni kwa sababu akishushwa analia, na nikisoma haraka mnisamehe, naogopa nikinyamaza kidogo sitaweza kuendelea.

Joris Verbeeck, ambaye hapa Toma mnamfahamu kama Joris Toé, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika mji wa Ghent, nchini Ubelgiji, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa marehemu Achiel Verbeeck, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, na marehemu Godelieve. Alisoma shule ya msingi na ya ufundi hukohuko, akamaliza mwaka 1979, akahangaika na vibarua vya hapa na pale, na mwaka 1986 akaajiriwa kuwa dereva wa tramu, lile gari refu linalopita juu ya reli katikati ya mji, akaliendesha miaka kumi na minane katika njia ileile, kwenda na kurudi, na mwenyewe alikuwa akisema kazi haikumchosha, kilichomchosha ni kuwafungulia watu mlango mchana kutwa bila hata mmoja kumuuliza ameamkaje.

Mama yake alifariki Novemba 2004, wakamzika kwa robo saa, hakuna aliyelia kwa sauti wala aliyecheka, ni mvua tu iliyopiga kelele, na Januari iliyofuata Joris aliacha kazi, akachukua baiskeli na ile kofia yake ya udereva, akashuka kusini bila kujua anakwenda wapi.

Alipita Moroko, akapita Moritania, ya huko alikumbuka mchanga kwenye meno na chai, kwamba hawakuachii uondoke kabla ya glasi ya tatu, naye alikuwa na haraka ya kufika mahali asipopajua. Senegali, katika mji wa Saint-Louis, mama mmoja muuza samaki alimuuliza, "Watoto umemwachia nani?" akajibu hana, yule mama akampakulia wali kama anayempa mtu pole ya msiba, na swali hilo likamfuata nchi hadi nchi, akalichoka kuliko vilima. Mama huyo ndiye aliyempa jina la Ndiaye, na alipoingia Mali, polisi wa kizuizi cha barabarani akamwambia, "Ndiaye wa nini wewe, hapa kwetu Ndiaye ni Diarra," akacheka, akamfungulia njia. Joris alisema majina yake yalikuwa yamezidi mashati, na kwamba watu wanampa mgeni jina kama wanavyompa maji, unakunywa, unashukuru, unarudisha kikombe, unaendelea na safari, na jioni uko peke yako tena.

Alifika hapa Februari 2006, mnyororo wa baiskeli umekatika, mwili umechoka, marehemu mzee Barnabé Toé akamkuta amekaa kando ya barabara, hakumuuliza habari za watoto, alimwambia tu, "Twende ukale, na ukiulizwa, sema wewe ni Toé." Kesho yake yeye na mzee wakasukuma baiskeli hadi kwa fundi, mzee Issaka Sawadogo, na yaliyotokea pale mnayajua wote.

"Mzungu, unaitwa nani?"

"Toé."

"Toé! Jamani njooni mwone, hawa Wasamo sasa wanaiba mpaka wazungu! Haya, mtumwa wangu, shika pampu ujaze upepo, na kesho uniletee kile kichwa cha mbwa mlichonificha."

Joris akadhani amemkosea mtu, akaomba radhi, akaanza kutoa faranga mfukoni, na mzee Barnabé akacheka mpaka akakohoa, akamwambia, "Usimwombe radhi, mwanangu, Mmosi ni mtani wetu sisi Wasamo, mwambie mla kichwa cha punda aache kelele atengeneze mnyororo." Akasema hivyohivyo, na mzee Issaka akamkumbatia na grisi zake zote, na siku hiyo ndiyo Joris aliyoacha kusafiri, kwa sababu, aliniambia, majina mengine yote yalinyamaza akigeuza mgongo, hili lilimjibu.

Akafanya kazi kwenye mashine ya kusaga ya mzee Barnabé, kofia ya tramu kichwani imejaa unga, na hakumimina mtama wa mtu kabla ya kumuuliza ameamkaje, na nyumbani kwake je, na mbuzi je, mpaka kina mama kwenye foleni wakawa wanapiga kelele, "Baba, saga, jua linatuua!" Mimi nilikuwa kwenye foleni hiyo, nimetoka kumaliza kidato cha nne, tukafunga ndoa katika kanisa hili tarehe 7 Mei 2011, na Mungu akatujalia mtoto mmoja, Barnabé, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 2013.

Aliugua Juni mwaka huu, ilianza homa, zikafuata figo, tukampeleka Ouagadougou, tukarudi naye, na Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2013, asubuhi, akafariki mikononi mwetu, mimi na shemeji.

Sasa niseme lililonikosesha usingizi. Jana mzee Mathurin, mdogo wake mzee Barnabé, alisema mbele ya wote, "Jina lile lilikuwa la kuchekea sokoni, mtoto wa jina la kuchekea tutamweka nyumba ipi? Aende kwao na baba yake mdogo." Shemeji ni mtu mwema, simlaumu, lakini mtoto huyu ananyonya, na kwao ni hapa.

Mzee Mathurin, ulikuwepo mwaka 2010 tulipomzika kaka yako, mzee Issaka alivaa kofia ya marehemu, akatembea kwa kuchechemea kama yeye, akashuka kulala kaburini akikataa kutoka mpaka apewe jogoo na pombe ya mtama, nawe ulimlipa, kwa sababu Mmosi huzuia kaburi la mtani wake Msamo tu, la mtu mwingine haligusi. Siku ile Joris alilia na kucheka pamoja, akaniambia, "Nikifa, nataka mtu avae kofia yangu."

Na tangu Alhamisi, mzee Issaka, umekaa kimya. Umevaa kanzu nyeupe, umeleta sukari, umempa shemeji mkono kama unayempa mkuu wa wilaya, mimi unaniita Madamu. Najua umeona haya mbele ya mgeni, lakini heshima yako inanitisha kuliko kifo chenyewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Toma na wa Ouagadougou, Baba Paroko na kwaya, majirani mliopika, kina mama wa foleni ya mashine, vijana mliochimba kaburi, na wewe shemeji Pieter, ambaye nakuomba usishtuke ukiona mtu anaingia humo kabla ya kaka yako.

Kofia nimeiweka juu ya jeneza, sikuikung'uta unga. Issaka Sawadogo, mla kichwa cha punda, mtumwa wa babu yangu, Msamo amelala hapa mbele yako na hujafungua mdomo, umeanza lini kuogopa mzungu mmoja?

Nimemaliza, nakaa chini. Pumzika kwa amani, Joris Toé, kama Wamosi watakuruhusu.