Dada Futi na Beseni la Uchumba

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne katika duka letu la samaki wa mapambo, Dada Futi anastaafu. Yote anayoyajua kuhusu samaki nilimfundisha mimi, na ndiyo maana nimeombwa kuandika wasifu huu.

Mke wangu amesoma hapo juu, akacheka mpaka akaweka kikombe chini, kwa hiyo nirekebishe. Mimi ni fundi vioo. Nilifika dukani miaka miwili baada yake, nikiamini kwamba samaki wote ni ndugu na wakigombana watazoeana tu. Yeye ndiye aliyenifundisha mimi. Na wasifu nimepewa niandike kwa sababu karani yuko likizo.

Dada Futi aliajiriwa kufagia. Wiki ya kwanza aliona kila asubuhi watu wanarudisha samaki waliokufa kwenye mifuko ya nailoni, wateja wengine wamefura kwa hasira, mmoja wao analia kilio cha kweli. Mzee mwenye duka, baba yake bosi wetu wa sasa, alikuwa akiwapa samaki wengine ili wanyamaze, nao keshokutwa wanarudi na mfuko uleule. Dada Futi akaegemea fagio, akauliza: "Hivi mzee, huko nyumbani kwao hawa samaki wanalala wapi, na wanalala na nani?" Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuuliza. Mzee mwenyewe alikaa chini.

Kesho yake alikuja na futi ya fundi cherehani shingoni, na haijatoka shingoni mpaka leo. Kwenye harusi ya binti yake aliivaa chini ya mtandio. Niliiona, tulikaa meza moja.

Tangu hapo hakuna aliyenunua samaki dukani kwetu bila kurudishwa nyumbani akapime tangi: urefu, upana na kimo, kwa sentimita, ndani ya kioo na si nje. Zidisha vyote vitatu, gawanya kwa elfu moja, unapata lita. Hesabu hiyo mimi niliishika baada ya mwaka mzima, maana shule niliiacha kabla haijafika huko. Wapo walioleta kipimo kwa kamba yenye mafundo. Afande mmoja alileta bakuli la kioo la kuwekea peremende, akataka samaki wa dhahabu wawili. Dada Futi akamwambia, "Afande, huyu anakua mpaka anafika kiatu chako. Wewe ungekubali kulala kwenye kofia?" Afande aliondoka na ua la chungu. Bado hupita kutuarifu idadi ya majani.

Lakini kazi yake kubwa ni beseni la uchumba. Mwanzoni lilikuwa beseni kweli, la plastiki, la kufulia. Siku hizi ni tangi la lita mia mbili kando ya kaunta, nililikata mimi, ila jina limeganda. Mteja akishachagua samaki, haondoki nao. Wanakaa pamoja humo siku saba, na yeye anakuja kuwatazama kama wazazi wanavyochungulia wachumba. Anayeweza kuingia mdomoni mwa mwenzake hapewi posa. Anayetaka maji ya baridi haozwi kwa anayetaka ya moto. Madume wawili wenye wivu hawawekwi nyumba moja. Na wale wadogo wanaotembea kwa kundi hawaolewi mmojammoja, lazima waende sita au zaidi, na mashangazi zao. Nilipomuuliza kwa nini mimi na mke wangu hatukupitishwa humo kwanza, alisema lita zisingetosha.

Mwaka wake wa kumi na tisa kazini, beseni hilo nusura limfukuzishe.

Alikuja daktari wa meno. Alitaka tangi la kupamba chumba wanamosubiri wagonjwa, na alilitaka lisimame kama nguzo: sentimita arobaini kwa arobaini, kimo mia na sitini. Ndani aliagiza samaki malaika wawili, vile vidagaa vya bluu kumi na viwili, na samaki wa dhahabu watatu juu yake. Ilikuwa oda kubwa kuliko zote za mwaka. Bosi alikuwa ameshamletea kiti.

Dada Futi akakataa. Alisema samaki wa dhahabu anataka maji ya baridi na malaika anataka ya moto, kwa hiyo mmoja wao lazima ateseke. Alisema malaika akikua, vidagaa ni chakula chake cha jioni. Na nguzo alisema ilazwe, kwa sababu samaki hutembea kwenda mbele, hapandi ngazi. Lita ni zilezile mia mbili hamsini na sita, lakini ukiilaza, uso wa maji unaopata hewa unakuwa mara nne. Nilirudia hesabu hiyo kwa chaki kwenye kioo. Kwa mara ya kwanza maishani nilipata jibu sawa na lake.

Yeye aliandika orodha yake: vidagaa kumi na viwili na kambale wadogo sita wa kusafisha chini. Daktari akatazama, akasema hao ni samaki wa watu wenye huzuni. Bosi akamvuta Dada Futi kando, ila si kando ya kutosha, maana wote tulisikia. "Huyu akiondoka, na wewe unaondoka." Dada Futi akajibu kwamba hao kumi na wanane waingie beseni la uchumba siku saba. Wakitoka wote wazima, daktari achukue orodha hiyo na tangi lilale. Akikosekana hata mmoja, nguzo isimame na yeye akabidhi futi.

Siku nne zilipita vizuri. Siku ya tano, asubuhi, Bosi alihesabu, akapata kumi na saba.

Nitasema ukweli, hakufurahi. Alikaa tu kwenye kiti cha daktari na kusema, "Basi, dada." Akatoka kwenda kumpigia simu daktari, lakini simu ikawa inaita tu, maana asubuhi daktari mikono yake imo vinywani mwa watu. Dada Futi alipiga magoti na tochi akitafuta chini ya kaunta, nyuma ya mashelfu, hadi kwenye viatu vyetu.

Mimi nilikuwa nasikiliza chujio. Lilikuwa linagugumia kama mtu aliyemeza mfupa. Nikafungua kifuniko, na humo ndani nikamkuta mheshimiwa wa bluu, amenenepa, anakula mabaki ya chakula cha wiki nzima kama mgeni aliyeligundua jiko. Alifyonzwa na maji kwa sababu sponji ya kuziba mdomo wa chujio haikuwemo. Sponji ilikuwa inakauka dirishani tangu juzi. Aliyeiosha na kusahau kuirudisha ni Dada Futi mwenyewe, siku ile alipokuwa anampa somo mama mmoja kuhusu kasa.

Ninakiri kwamba sikumwambia papo hapo. Nilimwacha na tochi yake dakika kama tano hivi, nikamuuliza kama amechungulia mfukoni mwangu. Kisha nikamwonyesha. Alikaa sakafuni, akashika futi kwa mikono miwili, akaniambia mimi ni mzee wa hovyo, na kwamba hatasahau. Nikarudisha samaki, nikarudisha sponji, nikafunga kifuniko. Bosi aliporudi alihesabu upya, akapata kumi na tisa, kisha kumi na saba, kisha kumi na wanane, akaamua kuishia hapo. Habari ya sponji anaisoma leo, hapa, pamoja nanyi. Shikamoo Bosi.

Siku ya saba daktari alikuja na haraka zake, akasimama mbele ya beseni. Vidagaa vikageuka vyote kwa pamoja, kama kitambaa kilichopigwa na upepo. Alisimama robo tatu ya saa. Wagonjwa wake waliteseka, lakini tangi lililala. Lipo mpaka leo ukutani kwake, na anasema watoto wanaacha kulia wakiwa wanasubiri. Wanalia baadaye.

Kutoka mwaka huo Bosi mwenyewe ndiye anayewaambia wateja kuhusu uchumba, tena kwa sauti, kana kwamba aliubuni yeye. Ile mifuko ya asubuhi, iliyokuwa arobaini kwa mwezi, sasa ni mitatu, na mmoja kati ya hiyo mitatu huwa una samaki aliyekufa kwa uzee tu, kaletwa kwa heshima.

Dada Futi, kwa niaba ya waliobaki dukani, wenye miguu na wenye mapezi, asante. Umetufundisha kuuliza kabla ya kuuza. Tunakuombea siku ndefu, magoti mepesi, wajukuu wa kukuchosha kiasi, na maji masafi popote utakapokuwa.

Limebaki jambo moja dogo, na kwa ajili ya ile asubuhi ya tochi naona una wajibu nalo. Bosi amenikabidhi beseni mimi. Jumatatu saa nne anakuja mwalimu wa chekechea kuchukua samaki wake sita, na nimeshamwambia wamepatana. Sijui kama wamepatana. Kuna wawili wanakimbizana tangu Jumatano, na mimi sijui kama ni mapenzi au ni vita. Pita tu, dada, kama mtu anayekwenda sokoni. Chungulia dirishani. Kama ni mapenzi, kohoa mara moja. Kama ni vita, kohoa mara mbili, nami nitamwambia mwalimu arudi nyumbani akapime tena.