Miaka Thelathini na Mmoja ya Kuusoma Upepo: Bazilio Mpawenimana Anastaafu

Ndugu Bazilio Mpawenimana anastaafu leo, Jumamosi tarehe 28 Juni 2025, baada ya kuitumikia klabu yetu ya gofu hapa Kasulu kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia akiwa kedi, yaani mbeba fimbo za wachezaji, akapanda hadi mkuu wa makedi, na anaondoka akiwa mkata nyasi. Msomaji makini ataona kwamba ngazi hiyo mwishoni inashuka. Mwandishi wa wasifu huu, Saady, katibu wa klabu, ataeleza kwa nini, ingawa angependa sana kazi hiyo apewe mwingine.

Uwanja wetu wa mashimo tisa umekaa mgongoni mwa kilima, na upepo wa huku hautulii. Bazilio aliujua kama mtu anavyomjua jirani mkorofi. Alichuma majani mawili, akayaachia hewani, akatazama moshi wa majiko upande wa Titye, ndipo akakukabidhi fimbo. Mafundisho yake yalikuwa mafupi. Upepo ukikujia usoni, chukua fimbo ya namba ndogo zaidi, inayopeleka mpira mbali, kisha piga taratibu, maana ukipiga kwa hasira mpira unapaa na upepo unaurudisha. Ukitoka ubavuni, lenga pembeni, upepo wenyewe utauleta mpira shimoni. Wageni wa mashirika ya kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu walianza kwa kumcheka, wakaishia kumgombania.

Siku moja upepo ukitoka ubavuni, alimshauri mwenyekiti wetu, Mzee Khatibu, aiache bendera ya shimo, alenge choo cha klabu kilicho kando. Mzee aliona anadharauliwa, akalenga bendera, na mpira ukaishia kwenye mihogo ya watu. Mpira wa pili aliulenga chooni bila ubishi, ukatua hatua mbili kutoka shimoni. Mpaka leo wanachama wakongwe hulenga choo, na hakuna anayecheka.

Haya, sasa lile jambo. Mwaka 2016 tulicheza fainali ya kombe na wenzetu wa Kibondo. Tulifika shimo la mwisho tumelingana, na aliyekuwa anatupigia ni mwandishi wa wasifu huu, akibebewa fimbo na Bazilio. Mahali pale pa kupigia pamezungukwa na mikaratusi, na siku ile halikutikisika hata jani. Bazilio hakuhangaika na majani ya chini. Aliinua macho kwenye vilele vya miti, akasema kwa Kiha, kama afanyavyo jambo likiwa zito, kwamba umuyaga, yaani upepo, uko huko juu, akampa mwandishi namba tano.

Mwandishi, eti mwandishi! Ni mimi. Shemeji zangu wa Tanga walikuwa wananitazama, nami nikataka sifa. Nilimrudishia namba tano, nikachomoa namba saba, ili waone jinsi ninavyofika mbali kwa nguvu zangu mwenyewe. Mpira ukapanda vizuri, ukavuka vilele, ukasimama hewani, ukadondoka kwenye mto ulio mbele ya shimo. Kombe likaenda Kibondo.

Kamati ilipouliza, nilisema Bazilio ndiye aliyenipa namba saba. Alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, anasikia kila neno, na mimi sikumtazama. Nilijua vizuri kabisa kamati ingemwamini nani kati ya katibu na kedi. Yeye alivaa kofia yake, akaondoka. Kesho yake alivuliwa ukuu wa makedi, akapewa fyekeo.

Miaka tisa, jamani! Wachezaji waliendelea kumwendea kwa kujificha. Husimamisha fyekeo, hutazama juu, kisha huinua vidole, vinne au sita, na kuendelea na nyasi zake. Mimi sikuthubutu kumuuliza hata mara moja. Kila asubuhi hunisalimu mwakeye, nami huitikia huku nikipekua mifuko kutafuta funguo ambazo ninazo mkononi. Nimeona aibu kila siku, na kila siku nimenyamaza.

Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu, kalamu ilinigomea. Nikaenda nyumbani kwake Kitanga kumwomba radhi. Alisema yangu alishayasamehe siku nyingi, ila kuna lililomkaa rohoni. Siku ile mkewe, Mama Ininahazwe, alitaka kuja klabuni kutugombeza wote, na ili kumzuia asije akaaibishwa, Bazilio alimwambia ni kweli alikosea namba. Tangu hapo mama huyu akisimangwa sokoni kwamba mumewe ndiye aliyetupotezea kombe, huinamisha kichwa na kumwombea mumewe msamaha kwa watu. Bazilio hakuomba cheo wala zawadi. Aliomba wasifu huu usomwe mkewe akiwa amekaa safu ya mbele, na ausome aliyesema uongo.

Kamati nayo inayasikia haya leo kwa mara ya kwanza. Ikitaka kunivua ukatibu, sitabisha.

Ndugu Bazilio, asante kwa kazi yako na kwa uvumilivu ambao sikustahili. Klabu nzima inakuombea afya, mavuno mema Kitanga, na mapumziko marefu pamoja na familia yako.

Mama Ininahazwe, nisamehe. Mumeo alinipa namba tano.