Mirza Sahib na Waridi la Nairuzi

Kwa masikitiko makubwa, wafanyakazi wote wa makumbusho ya jumba la Nawabu, hapa Lucknow, wanatangaziwa kwamba kuanzia tarehe 31 Machi birika la chai la karakana ya picha halitakuwa na mlinzi.

Mlinzi huyo, Mirza Kazim Raza, anastaafu siku hiyo baada ya miaka thelathini na sita ya kuzitibu picha za Manawabu, watawala wetu wa zamani. Msimamo wake haukubadilika: mabingwa wa uchoraji wa Iran walituletea brashi na miti yao myembamba, sisi tukaongeza tausi, maembe na mawingu ya masika. Aliwahi kuniachia nipake dhahabu kwenye kipande cha majaribio, nichore ndevu za mfalme. Akatazama, akashusha miwani. "Bwana Tandon, huyu sasa ni beberu."

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote haimo kwenye mkataba. Kila Nairuzi, sikukuu ya mwaka mpya wa Kiajemi, hulijaza maji bakuli la shaba la Nawabu, akaweka waridi lielee juu yake, nasi sote, Wahindu kwa Waislamu, tukalizunguka. Wazee wa jumba walipokea imani kutoka Iran kwamba mwaka unapoingia, waridi hugeuka lenyewe.

Mwaka huu Mkurugenzi wetu mpya, Bi Vasudha Bhatnagar, alitoa neno: "Lisipogeuka, bakuli linaingia kabatini, na mchezo umekwisha." Asubuhi ya Nairuzi Mirza Sahib hakugusa hata chai.

Mirza Sahib, ahsante kwa subira yako na kwa kututania bila kutuumiza. Mungu akujalie siku ndefu, zenye kivuli na wajukuu watukutu.

Sasa, kwa kuwa kumezuka uvumi kwamba waridi lilizunguka mara tatu na jumba zima likanukia, niseme nilichokiona. Saa ilifika. Waridi likatulia tuli. Mirza Sahib akainamisha uso. Bi Vasudha, aliyeinama karibu na bakuli kuliko sisi sote, akapiga chafya.

Waridi likageuka. Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Limegeuka," akasema Mkurugenzi, akipangusa pua. "Bakuli libaki mezani."

Mirza Sahib, machozi yakimlengalenga, akampa leso yake. "Basi mwakani utalijaza maji wewe, binti yangu."

Tangu Mkurugenzi afike, Mirza Sahib alikuwa akimwita Madamu.